Nilikula pesa za chama, shoga yangu akauza bangili kulipa. Nimrudie vipi?

"Mimi ni mama wa miaka 41, nakaa Bamburi. Mwaka 2013 tulikuwa na chama wanawake 12 kule Majengo na mimi ndo nilikuwa nashika pesa. Nilichukua 96,000 nikampa ajenti wa kunipeleka Saudia, nikijiambia ntarudisha kwa miezi mitatu. Kule mambo yakawa mabaya, mshahara nikanyimwa, aibu ikanijaa nikabadilisha namba. Shoga yangu, tuliyekua pamoja tangu madrasa, ndo aliyekuwa amenidhamini, na nasikia aliuza bangili zake za harusi akawalipa wenzetu. Nimerudi tangu 2019, nauza viazi karai na bhajia, sina deni la mtu mwengine na wallahi mimi si yule tena. Juzi nkamuona kwenye feri ya Likoni na binti yake mkubwa, nikajificha nyuma ya lori. Wengine waniambia muda ushaponya niwache, mwengine asema nimrushie pesa kwa M-Pesa nimalize. Mimi namtaka shoga yangu. Naogopa atanitukana. Mamake bado yuko Majengo, ni mgonjwa, na hata mtaa ule siwezi kupita."

Dadangu, kwanza asante kwa kuyaita mambo kwa majina yake. Hukuandika pesa zilipotea, umeandika nilichukua, na hilo peke yake laonyesha kuna kazi ushaifanya moyoni mwako kabla ya kuniandikia. Nami ntakujibu vivyo hivyo bila kukuzungusha.

Kwenye barua yako kuna mahitaji mawili yamefungwa kwenye leso moja. La kwanza ni kurudisha haki ya mtu, la pili ni kumpata tena shoga yako. Wewe wayaona kitu kimoja manake kwako yote yaliharibika siku moja, siku uliyompa ajenti zile pesa. Kwake yeye ni vitu viwili mbali mbali, na ukimpelekea kwa pamoja utambana, manake akizipokea pesa itaonekana ameupokea na urafiki, na akiwa hautaki urafiki itabidi akatae na pesa ambazo ni zake mwenyewe, alizozitolea dhahabu yake. Hebu fikiria hiyo nafasi unayomuweka, mtu uliyemkosea wewe. Kwa hivyo msimamo wangu ndo huu: peleka la kwanza peke yake, na la pili uliwache mikononi mwake, alilete yeye akitaka, siku anayotaka.

Najua si jibu ulilolitaka.

Sasa tuje kwa hao wanaokwambia muda ushaponya. Muda hupoza, hilo kweli, hata hasira ya mtu haiwezi kubaki moto ule ule miaka kumi na zaidi. Lakini muda haupiti sawa kwa aliyekosa na aliyekosewa. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani Roy Baumeister na wenzake waliwaambia watu waandike visa viwili vya maisha yao, kimoja walichomkasirisha mtu na kingine walichokasirishwa wao. Watu ni wale wale, lakini angalia walivyosimulia. Walipokuwa wao ndo wakosaji walitoa sababu zao, wakaeleza hali ilivyowabana, na kisa kikawa kama jambo lililokwisha zamani. Walipokuwa wao ndo wamekosewa kisa kikawa kirefu, kina yaliyofuata na yanayofuata mpaka leo, na yule mkosaji akaonekana mtu aliyefanya tu bila sababu ya kueleweka. Yaani huhitaji kuwa mtu mbaya ndo uone kosa lako ni dogo na limeisha, ndivyo tulivyo sote tukikaa upande huo.

Rudi kwenye barua yako uisome tena kwa jicho hilo. Upande wako kuna ajenti, kuna miezi mitatu, kuna mshahara ulionyimwa, kuna aibu. Upande wake umeandika mstari mmoja, nasikia aliuza bangili. Mimi ningependa ukae na ule mstari. Mwanamke wa hapa kwetu anauza bangili za harusi, maana yake alitoka nazo zimefungwa kwenye kitambaa akaingia kwa sonara akaziona zinapimwa mbele yake, akarudi nyumbani na mkono mtupu na lazima kuna mtu alimuuliza ziko wapi. Mumewe, au mamake, au wifi yake. Na baada ya hapo kukawa na harusi, na harusi nyengine, na kila mwenye macho aliona mkono ule. Na lile swali la wenzenu wa chama, wewe si ulisema wamjua?

Alafu kuna jambo la hesabu ambalo nadhani hujalipiga. Wewe kichwani mwako una deni la 96,000. Mwaka 2013 wakia moja ya dhahabu kwenye soko la dunia ilikuwa kwa wastani kama dola 1,400, na dola ilikuwa kama shilingi 86. Mwaka 2025 wakia ikapita dola 3,000 na ikaendelea kupanda, na dola iko kama shilingi 129. Ukizidisha utaona dhahabu ile ile kwa shilingi zetu imepanda zaidi ya mara tatu. Ingia duka lolote la sonara uulize bangili za uzito ule ni ngapi leo utajua nazungumzia nini. Sikwambii ati lazima ulipe bei ya leo, hilo ni la kuelewana nyinyi wawili na kama mwataka mumuulize sheikh au mzee mnayemuamini. Nakwambia ili ukimpelekea 96,000 ukatarajia uso wa furaha na usiuone, ujue kwa nini. Wewe unahesabu ulichochukua na yeye anahesabu alichopoteza.

Hii ndo sababu siungi mkono lile wazo la kumrushia pesa kwa M-Pesa umalize. Fikiria yuko sokoni au jikoni kwake, simu inalia, anaangalia anaona jina lako na pesa. Miaka yote hii hukusema neno, alafu neno lako la kwanza ni ujumbe wa Safaricom. Hajaulizwa kama azitaka, hajaulizwa kama ni kiasi hicho, na sasa kuzirudisha ni kazi yake yeye. Wapo watakaozichukua washukuru, lakini wengi watahisi wamefungwa mdomo.

Kuhusu kubadilika kwako. Mimi nakuamini, mtu anayekaa na jiko la viazi kila siku na hana deni la mtu ameshajenga kitu. Lakini yeye hajakuona. Picha yako aliyonayo ni ya mwaka ule ule uliomwachia, na hata ukimwambia nimebadilika, neno hilo litatoka kwenye mdomo ule ule uliosema miezi mitatu. Haliwezi kuwa na uzito kwake, si kwa ubaya wake, ni kwamba hana cha kulipimia. Tabia mpya huonekana kwa mambo madogo yanayotimizwa, ulisema tarehe tano ikafika tarehe tano, basi, na ya mwezi ujao pia. Kwa hivyo usimpelekee hadithi ya mabadiliko yako. Na kuna kitu watu wengi husahau kabisa wakitaka kumrudia mtu wa zamani: na yeye kabadilika. Yule msichana wa madrasa mliyekuwa mkigawana mahamri hayupo pale anakusubiri, kuna mama mwenye binti mkubwa, ambaye huenda siku hizi hamdhamini mtu yeyote, ambaye huenda amekuwa mkali, au amekuwa mpole kuliko unavyokumbuka. Humjui. Ukienda, nenda ukijua waenda kuonana na mtu ambaye itabidi umjue upya.

Tuje kwa hofu yako ya kutukanwa. Mwaka 2024 watafiti Lara Aknin wa Canada na Gillian Sandstrom wa Uingereza walitoa utafiti kuhusu watu na marafiki waliopoteana nao. Watu walikuwa wanamtaka yule rafiki, namba wanayo, muda wa kuandika wakapewa, na bado waliotuma ile meseji hawakufika hata thuluthi moja. Hamu yao ya kumtafuta rafiki wa zamani haikuzidi hata ile ya kuongea na mtu wasiyemjua. Na mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwamba anayetafutwa hufurahi kuliko vile anayemtafuta alivyodhani. Kwa hivyo ile hofu yako ya kuganda nyuma ya lori ni hofu ya watu wengi sana, hata wasiokuwa na kosa lolote.

Lakini hapa lazima nikwambie ukweli, manake utasikia watu wakizitumia tafiti kama hizi vibaya. Wale walikuwa marafiki waliopoteana tu, maisha yaliwatenganisha, hakuna aliyeuza bangili. Wewe kuna jeraha katikati, na siwezi kukuahidi kwamba atafurahi kuliona jina lako. Anaweza kukutukana, na matusi yenyewe si jibu baya zaidi unaloweza kupata, manake mtu anayekutukana bado anaongea na wewe. Jibu gumu ni kimya, na hilo ndo nataka ujitayarishe nalo kabla hujaandika herufi moja. Kitu kimoja kutoka utafiti ule chaweza kukusaidia: watu waliotumia dakika 3 kwanza kuwaandikia marafiki walionao sasa, ndo baadaye zaidi ya nusu yao wakapata ujasiri wa kumtumia yule wa zamani. Basi siku ya kuandika, anza na watu wako wa karibu, wasalimie, mkono ulainike.

Kabla ya kuandika lakini, uwe na pesa mkononi. Si zote. Fungu la kwanza la maana, na hesabu ya kweli ya unachoweza kutoa kila mwezi kutokana na viazi bila watoto kulala njaa. Ukiweza 4,000 usiseme 10,000 kwa kutaka kumfurahisha. Ahadi ya kwanza ilivunjika, ya pili ikivunjika hutapata ya tatu, na bora umcheleweshe miezi kadhaa ukiwa bado unaweka kuliko umuamshe moyo alafu umuangushe tena.

Namba yake usiitafute kwa ujanja, na ile ya zamani usiiamini. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni huiuza kwa mtu mwengine, na wewe utamwaga siri yako kwa kijana wa Kilifi asiyekujua. Tafuta mtu mmoja mnayeheshimiana naye nyote, mwanamke ingekuwa bora, na umpe kazi moja tu: amuulize, fulani aomba namba yako, nimpe? Akisema usimpe, umepata jibu lako na hujamvamia. Huyo mtu wa kati asipewe kazi ya kukuombea msamaha. Nawajua wazee wetu na nawaheshimu, lakini mara nyingi wakikaa katikati huanza na sisi sote ni waja, msameheni mwenzenu, na yule aliyeumizwa anajikuta ndo anayebembelezwa kama kwamba yeye ndo mwenye roho mbaya. Nimeona wanawake wakitoka kwenye vikao hivyo wamesema nimesamehe kwa mdomo, na ndani wamefunga mlango kwa kufuli.

Kumwendea nyumbani hodi bila taarifa, hapana. Mila yetu mgeni hafukuzwi, atalazimika kukukaribisha na pengine akupe na chai mbele ya mumewe na watoto ambao huenda hawajui lolote. Sauti ya WhatsApp nayo hapana, utalia, na atalazimika kukusikiliza ukilia. Mimi napendelea meseji ya kawaida ya maandishi. Hata WhatsApp ningeiepuka kwa faida yako wewe, manake utakesha ukiangalia alama zimegeuka bluu ama bado na alikuwa hewani saa ngapi.

Uandike nini? Mwaka 2016 Roy Lewicki wa Chuo Kikuu cha Ohio State na wenzake walipima ni sehemu gani za kuomba radhi zinazomgusa mtu. Iliyobeba uzito zaidi ni kukubali kosa kuwa ni lako, ikafuatiwa na kutaka kurekebisha ulichoharibu. Iliyokuwa na uzito mdogo kuliko zote ni kule kuomba usamehewe. Nasi tunafanya kinyume, neno la kwanza nisamehe, nisamehe shoga yangu, na kosa lenyewe halitajwi. Wajua kila Ramadhani ikikaribia simu zajaa zile meseji za tusameheane, mtu mmoja anaituma kwa watu mia. Usije ukamtumia hiyo. Na dini yenyewe imeweka wazi kwamba kosa lenye haki ya mja ndani yake, toba yake ni pamoja na kuirudisha ile haki kwa mwenyewe.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Asalaam aleikum. Ni mimi fulani wa Majengo. Mwaka 2013 nilichukua pesa za chama ulizonidhamini, nikanyamaza, na wewe ukalipa kwa bangili zako. Kosa ni langu. Nimeanza kuweka pesa za kukulipa na niko tayari kusikia kwako ni kiasi gani na kwa njia gani. Si lazima unijibu. Namba yangu ni hii." Basi. Saudia haimo. Najua ulivyoteseka kule na siyachukulii madogo, lakini ukiiweka kwenye meseji ya kwanza ataisoma kama dai, kama wamwambia mimi pia niliumia kwa hivyo tuko sawa. Siku akikuuliza mwenyewe ilikuwaje, hapo mueleze. Na nimekumiss haimo pia, hata kama ndo neno linalokuunguza zaidi.

Ukishatuma, umetuma. Usifuatilie na alama ya kuuliza baada ya siku tatu, usimtume mtu aulize kama ameiona. Akijibu nitumie kwa namba hii na usinitafute tena, tuma kila mwezi kama ulivyosema mpaka iishe, bila salamu za ziada, bila ya Eid Mubarak. Utakuwa umemlipa na hukumpata, na hiyo itauma, na bado litakuwa jambo zuri ulilolifanya. Akitaka kuonana, yeye achague pahali. Ukiulizwa wewe, taja pahali pa wazi mchana, pale Mama Ngina kwa mfano, mtu anaweza kununua dafu na kuondoka wakati wowote bila kuaga sana. Umwache aseme mpaka amalize, hata akirudia, na usimuulize kama mmesameheana.

Wale wenzenu wengine wa chama usiwasahau. Pesa walirudishiwa, lakini waliachwa na wasiwasi na zamu zilivurugika, na kwao pia wadaiwa neno. Ila waje baada yake. Na kama una wasiwasi wa polisi au wa kupelekwa mahakamani, zungumza na wakili kabla hujaandika kitu chochote kwenye simu. Kwa kawaida madai ya mkataba hapa Kenya huwa na kikomo cha miaka 6, lakini kuchukua pesa za watu kwaweza kutazamwa kama kosa la jinai na huko hesabu ni nyengine. FIDA, lile shirika la mawakili wanawake, wana ofisi hapa Mombasa na husaidia wanawake wasiokuwa na uwezo wa wakili.

Kuna sentensi yako moja sikutaka kuipita, ile ya mambo yakawa mabaya. Hukueleza na si lazima unieleze mimi. Lakini kama usingizi hauji, kama harufu fulani au sauti ya mlango yakurudisha kule, kama kuna siku waona bora usingekuwepo, hilo ni la kukaa uso kwa uso na mtu aliyesomea, na barua haitoshi. Kitengo cha afya ya akili kiko hospitali ya Port Reitz, na namba 1199 ya Msalaba Mwekundu unapiga bure. Lishughulikie hilo kwanza kama lipo, hata kama meseji itachelewa, manake kimya cha shoga yako kikikukuta uko katika hali hiyo kitakuumiza mara mbili.

Sasa mamake. Naelewa hamu yako, huyo mama alikulisha na sasa ni mgonjwa na waona muda wakwisha. Lakini usipitie kwake ili umfikie binti. Mgonjwa akikuona atafurahi, atamwita binti yake aje mbele yako, na shoga yako atakuwa hana pa kutokea. Tuma meseji yako kwanza, na kama wahisi hali ya mama ni mbaya sana basi hiyo ndo sababu ya kutokuchelewa, hata kama fungu la kwanza ni dogo. Akikuruhusu kwenda kumuona, nenda na matunda na urudi mapema. Na likitokea la kutokea kabla hamjazungumza, nenda kahani kama jirani yeyote wa Majengo, ukae na wanawake wenzio, mpe pole ya mkono kama ataupokea, na ya pesa usiyaguse siku hiyo wala siku za matanga.